Jaji Dredd kwenye vibonzo na kwenye filamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu akimaliza kutazama filamu ya Dredd kwa mara ya kwanza, maswali huwa ni yale yale. Mbona yule wa Stallone na yule wa Karl Urban hawafanani kabisa? Ni yupi wa kweli? Kwa nini mashabiki wanagombana miaka yote hii kwa sababu ya helmeti? Vibonzo vyake nimevisoma kwa miaka mingi na filamu zote mbili nimezirudia mara nyingi, kwa hiyo nimeyakusanya maswali hapa na kuyajibu kadiri ninavyoweza. Tahadhari moja tu: hadithi nazisimulia hadi mwisho.

Jaji Dredd ni nani, na ametokea wapi?

Ni mhusika wa vibonzo vya Uingereza, ingawa mambo yake yote yanatokea Marekani ya miaka mingi ijayo. Alibuniwa na mwandishi John Wagner na mchoraji Mhispania Carlos Ezquerra, mhariri akiwa Pat Mills, na alitoka kwa mara ya kwanza Machi 1977 katika toleo la pili la jarida la kila wiki la 2000 AD. Wagner alikuwa na picha ya askari mkali asiyecheka, wa aina ya Dirty Harry, yule polisi wa filamu, akamsukuma hadi ukingoni: itakuwaje askari huyo akipewa ruhusa ya kila kitu? Ezquerra, aliyekulia Hispania chini ya utawala wa dikteta Franco, akamvika ngozi nyeusi, minyororo, na ndege tai mkubwa wa dhahabu begani. Watu wengi humchukulia yule tai kama pambo tu. Mchoraji alijua vizuri tai huyo anakotoka: kwenye nembo za utawala wa mabavu.

Jiji lake ni Mega-City One, lililomeza pwani ya mashariki ya Marekani baada ya vita vya nyuklia vya mwaka 2070. Mwanzoni lina watu milioni 800. Kazi zimechukuliwa na maroboti, wananchi wengi hawana ajira, wanaishi maelfu kwa maelfu ndani ya jengo moja, na wengine huzaliwa na kufa humo humo. Nje ya ukuta ni jangwa lenye sumu ya mionzi linaloitwa Ardhi Iliyolaaniwa.

Kwa nini anaitwa jaji wakati anafanya kazi ya polisi?

Sisi tumezoea askari wa kukamata, mwendesha mashtaka, hakimu, bwana jela, na mnyongaji mwishoni kabisa, kila mmoja na ofisi yake na funguo zake. Dredd ni hao wote ndani ya jozi moja ya buti. Anakukamata, anakusomea kosa, anakuhukumu palepale kando ya barabara, na kama adhabu ni kifo anaitekeleza mwenyewe. Hakuna wakili wala rufaa. Jiji lenyewe linatawaliwa na majaji, na Jaji Mkuu ndiye mkuu wa nchi. Watoto huingizwa katika Chuo cha Sheria wakiwa na miaka 5 na kusomeshwa kwa miaka 15. Wakishahitimu, mapenzi ni marufuku kwao.

Ukilisahau hili, filamu zote mbili zitakuwa picha za askari mkali tu, na Dredd hakubuniwa kwa ajili hiyo.

Filamu ni ngapi?

Mbili. *Judge Dredd* ya mwaka 1995, iliyoongozwa na Danny Cannon, stelingi akiwa Sylvester Stallone. Na *Dredd* ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Pete Travis kwa mswada wa Alex Garland, stelingi akiwa Karl Urban wa New Zealand. Hazina uhusiano wowote wa hadithi, kwa hiyo unaweza kuanza na yoyote.

Nipe jibu la haraka: ipi imefuata vibonzo zaidi?

Ya 2012 imempata mtu. Ya 1995 imelikaribia zaidi jiji. Ukinibana nichague moja nitachagua ya 2012 bila kusita, lakini ipo hadithi moja kubwa ya vibonzo hivi ambayo filamu zote mbili zimeipita kwa mbali. Nitaifikia huko chini.

Kwani helmeti ina nini? Si kofia tu?

Filamu ya 1995 niliiona kwanza kwenye kibanda cha video, mabenchi yamejaa, watu wengine wamesimama mlangoni. Stallone alipovua helmeti baada ya mapambano ya kwanza, kibanda kizima kilishangilia: stelingi kaonekana! Na mimi nilishangilia. Vibonzo nilikuja kuvisoma baadaye, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kitu tulichokishangilia ndicho kilichoivunja filamu.

Wagner ameeleza kwamba uso uliofichwa unabeba wazo: sheria haina sura. Dredd akikusimamisha huwezi kujua kama amekuhurumia, amekasirika au amechoka. Unaona kidevu, unaona mdomo uliokunjwa kwenda chini, basi. Macho hayapo, na binadamu akiomba msamaha huomba kwa kumtazama mtu machoni. Ezquerra na wenzake walichora vitisho vingi, ila sidhani kama kipo kinachozidi kile kioo cheusi kinachokurudishia uso wako mwenyewe.

Sasa mweke ndani yake nyota wa Hollywood. Watu wamelipa tiketi kuuona uso wa Stallone, na nyota lazima auze sura. Filamu ile inakadiriwa kugharimu dola milioni 90, na kwa fedha hizo uso haukuweza kubaki gizani. Helmeti ikavuliwa na kwa sehemu kubwa ya filamu haikurudi. Matokeo yake tunamwona Dredd akishangaa, akiumia moyoni, akisalitiwa, akisikitika, na kila hisia mpya inapopita usoni mwake, sheria inageuka kuwa bwana fulani aliyeonewa.

Karl Urban alikuwa msomaji wa vibonzo hivi kabla ya kupewa kazi, na kwake helmeti kubaki kichwani halikuwa jambo la kujadiliwa. Mwanzoni tunamwona gizani akiivaa, na haivuki tena hadi majina yanapopita. Kazi yote anaifanya kwa kidevu, kwa sauti, na kwa namna anavyosimama. Itazame ile sehemu aliyopigwa risasi tumboni: amekaa chini peke yake, anafungua kiboksi cha huduma ya kwanza, anakibana kidonda chake mwenyewe kwa pini. Midomo inakazana kidogo tu. Huoni jicho hata moja, na bado maumivu yanakufikia pale ulipokaa.

Ni kweli uso wake haujawahi kuonekana kwenye vibonzo?

Karibu kweli. Mwaka ule ule wa 1977 ipo hadithi ambamo anavua helmeti, lakini wahariri walibandika neno la kuzuia picha juu ya uso. Na kati ya mwaka 1989 na 1990 wasomaji walimfuata kwa wiki nyingi mtu aliyeungua uso kwa asidi huko Ardhi Iliyolaaniwa, asiyejua jina lake, kabla ya kugundua kwamba ndiye Dredd. Uso ulikuwepo, ila umeharibika kiasi kwamba haukumwambia msomaji chochote. Sura yake nzima, akiwa mzima, bado ni siri.

Rico wa filamu ya 1995 ndiye Rico wa vibonzo?

Jina ni lile lile, damu ni ile ile, mengine yamebadilishwa, na hapa ndipo filamu ilipoumia kuliko hata kwenye helmeti.

Kwenye vibonzo, Dredd na Rico wote wawili walizalishwa maabara kutoka kwenye chembe za Fargo, Jaji Mkuu wa kwanza. Wanalijua hilo. Walisoma pamoja, na Rico ndiye aliyekuwa hodari zaidi. Baada ya kuhitimu akaanza kula rushwa na kuua, na aliyemkamata ni ndugu yake. Akafungwa miaka 20 kwenye mwezi wa Titan, mahali ambapo wafungwa hubadilishwa miili ili waishi bila hewa: pua na mdomo vinazibwa. Hadithi ya mwaka 1977 iliyoandikwa na Pat Mills na kuchorwa na Mike McMahon inaanza Rico akiwa ametumikia kifungo chake na kurudi kulipiza. Wanasimama uso kwa uso. Wakati wa ujana wao Rico alikuwa na mkono mwepesi kuliko wa Dredd, lakini Titan imemla. Dredd anawahi. Halafu anaubeba mwili, na mtu anapotaja uzito, anajibu kwamba si mzito, ni ndugu yake.

Ni kurasa chache tu. Hakuna hotuba, hakuna machozi, na msomaji anabaki na mtu aliyetii sheria mara mbili dhidi ya damu yake mwenyewe.

Filamu imechukua mbegu hiyo ikaipanda kwenye shamba jingine. Rico, anayeigizwa na Armand Assante, anatoroka gerezani na kuua mwandishi wa habari akiwa amevaa sare za Dredd. Kwa kuwa risasi za majaji zinabeba alama ya DNA ya mpigaji, na wawili hawa wana DNA moja, Dredd anahukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la mwenzake. Ujanja huo wa DNA ni mzuri, na naukubali kiroho safi. Lakini Dredd wa filamu hakujua kwamba ana ndugu wa maabara. Akishaambiwa, filamu nzima inageuka kuwa safari ya mtu kugundua yeye ni nani na kulisafisha jina lake. Dredd wa vibonzo hana haja ya kujitafuta. Anajijua hadi inatisha.

Yule mchekeshaji anayemfuatafuata Stallone yupo kwenye vibonzo?

Fergee yupo, ila si huyu. Wa vibonzo alitokea mwishoni mwa miaka ya 1970 katika hadithi ya Jaji Mkuu kichaa aitwaye Cal. Ni jitu kubwa lenye rungu, linaloishi chini ya jiji kwenye mabaki ya mji wa kale, na linakufa kishujaa kwa kumkumbatia Cal na kuanguka naye. Wa filamu, aliyeigizwa na Rob Schneider, ni mwizi mdogo wa mitambo mwenye maneno mengi. Hadithi za Dredd huwa hazihitaji mtu wa kuchekesha pembeni, kwa sababu jiji lenyewe ni kichekesho.

Na lile busu la mwisho na Jaji Hershey?

Kwenye vibonzo halipo. Jaji akikutwa na mapenzi anapoteza beji. Hershey wa vibonzo, aliyeanza kuonekana mwaka 1980, ni mwenzake wa kazi kwa miongo mingi, na baadaye alipanda hadi kuwa Jaji Mkuu, yaani bosi wake. Kumfanya awe zawadi ya stelingi mwishoni mwa picha ni kumshusha yeye kuliko kumshusha Dredd.

Kuna kitu filamu ya 1995 ilipatia?

Kipo, tena si kidogo, na inasikitisha kuona watu wanavyoitupa yote.

Angalia dakika za mwanzo, kamera inaposhuka kati ya majengo: taa, matangazo, magari yanayopaa, barabara juu ya barabara, mtu ameshonana na mtu. Hiyo ni Mega-City One ya kwenye kurasa. Angalia Mean Machine, yule jitu wa genge la Angel mwenye kitufe cha kuzungusha kwenye paji la uso cha kupandisha hasira zake. Ametoka kwenye kibonzo akiwa mzima, hadi meno. Roboti la vita ni la hadithi nyingine ya jarida lile lile, na limetengenezwa kwa mikono kwa ustadi ambao ukiliona leo bado unashika pumzi. Safari ya Mwisho, ambayo jaji mzee huondoka jijini kwenda kupeleka sheria kwa wasio na sheria, imewekwa ipasavyo: Max von Sydow akiwa Fargo anatoka kupitia lango lile na bunduki yake, na kwa dakika hiyo moja filamu inapata uzito wa vibonzo.

Na lipo tukio moja ambalo ni Dredd mtupu. Fergee amekamatwa kwa kujificha ndani ya roboti la kuuza chakula wakati watu wanapigana risasi ndani ya jengo. Anajitetea kwamba alikuwa anaokoa maisha yake. Dredd anamwambia angeweza kutokea dirishani. Ghorofa 40? Angekufa! Huenda, anajibu Dredd, lakini ni halali. Miaka 5. Kama wangeiandika filamu nzima kwa kalamu iliyoandika mstari huo, leo tungekuwa tunazungumza mengine.

Sare za 1995 zinafanana na vibonzo kuliko za 2012. Hiyo si pointi kwa Stallone?

Kwa macho, ndiyo. Zile za 1995 alihusika nazo Gianni Versace, na tai wa begani anang'aa kama alivyochorwa. Za 2012 zimepunguzwa zikawa vazi la kazi: limechubuka, lina vumbi, linafanana na kitu ambacho mtu angekivaa kweli akitegemea kupigwa risasi. Binafsi nilimkumbuka sana yule tai mkubwa, kwa sababu ile kejeli ya utawala wa mabavu ilikaa pale begani.

Mega-City One ya 2012 mbona inaonekana kama mji wa leo?

Kwa sababu kwa sehemu kubwa ni mji wa leo. Filamu ilipigwa Afrika Kusini kuanzia mwishoni mwa mwaka 2010, kwenye studio za Cape Town, na mandhari ya jiji ni Johannesburg ikiwa imeongezewa majengo makubwa kwa kompyuta. Mtu wa huku Afrika anaitambua ile rangi ya jua, zile barabara pana, ile saruji iliyopauka. Bajeti ilikuwa ndogo, chini ya nusu au karibu nusu ya ile ya 1995, kwa hiyo Garland alifanya jambo la akili: akaifungia hadithi ndani ya jengo moja la ghorofa 200 liitwalo Peach Trees. Majaji wawili wanaingia kuchunguza mauaji, bosi wa dawa za kulevya aitwaye Ma-Ma anafunga milango yote ya chuma, na kutoka ni kwa kupanda juu tu.

Kilichopatikana ni kwamba ule msongamano unausikia shingoni. Kilichopotea ni upana wa jiji. Humo ndani hakuna mitindo ya ajabu wala maroboti ya nyumbani, na hakuna kitu kinachokwambia watu hawa wameishi gerezani hadi wakaanza kuvumbua wazimu wao wenyewe.

Kwa hiyo ucheshi wa vibonzo uko wapi?

Swali hili ningependa liulizwe zaidi. Asiyesoma vibonzo anadhani Dredd ni damu na bunduki. Ukivifungua unakuta watu wanaolipa kliniki ili wawe wabaya wa sura. Unakuta wanene wanaoshindana kwa uzito, na matumbo wameyawekea gurudumu. Sukari ni marufuku. Yupo mtengeneza pipi anayefukuzwa duniani kwa sababu pipi yake ni tamu kupita kiasi. Majengo yanapewa majina ya watu maarufu kisha yanapigana vita, jengo kwa jengo. Na katikati ya yote hayo anasimama mtu mmoja asiyeona cha kuchekesha. Kicheko cha vibonzo kinatoka hapo.

Ya 1995 ilileta utani wa mdomoni. Ya 2012 imekausha karibu wote, lakini sikubali kwamba hauna kabisa. Mlangoni mwa Peach Trees ameketi mtu asiye na makazi, ameshika kibao cha kuomba. Dredd anamwambia kuzurura ni kosa, adhabu wiki 3 kizuizini, na kwa kuwa ana haraka anamwonya asimkute hapo akirudi. Baadaye Ma-Ma anafunga jengo, milango mizito inashuka, na yule mtu bado ameketi pale pale, chini yake. Hakuna anayesema neno. Ni jambo la sekunde chache, ni la kikatili, na ndivyo Wagner anavyoandika.

Anderson wa 2012 ndiye yule wa vibonzo?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo, na Olivia Thirlby amenifurahisha. Cassandra Anderson aliingia kwenye vibonzo mwaka 1980 pamoja na adui maarufu kuliko wote, Jaji Death, kiumbe kutoka ulimwengu ambao uhai wenyewe ni kosa la jinai, kwa kuwa wahalifu wote walionekana kuwa ni watu walio hai. Anderson anasoma mawazo ya watu, na alimshinda Death kwa kumfungia ndani ya mwili wake yeye Anderson. Kwenye kurasa ni mcheshi, anamtania Dredd, anamwita kwa jina lake la kwanza, Joe, na hakuna mwingine anayethubutu kirahisi.

Filamu imemfanya kuruta siku ya mtihani, aliyeshindwa alama 3 chuoni, mpole zaidi, na ameondolewa ule utani. Lakini wazo la Dredd kumpima kuruta barabarani ni la vibonzo tangu 1977, alipompima kijana aitwaye Giant. Na helmeti kutokuwepo kichwani mwake kuna sababu: inaziba kipawa chake. Basi kamera inapata macho mawili ya kutazama, na Dredd anabaki gizani. Huo ni ufundi.

Njiani Anderson anauliza maswali ambayo Dredd hawezi kuyauliza. Anaingia kwenye nyumba ya mwanamke anayewasaidia, anaona picha ya familia, na anagundua kwamba mume wa yule mwanamke ndiye aliyemwua muda mfupi uliopita. Mbele kidogo anamwachia huru kijana wa kompyuta wa Ma-Ma, kwa kuwa ameona ndani ya kichwa chake jinsi alivyoteswa. Kisheria ni kosa. Hata mtihani tayari ameshaufeli, maana kupoteza bastola ni kufeli moja kwa moja. Anaivua beji mwenyewe. Nje, Jaji Mkuu anapouliza matokeo, Dredd anasema amefaulu. Wapo mashabiki wanaosema Dredd hawezi kulegea hivyo. Mimi naona ndiye: kwenye vibonzo pia hubadilika, ila polepole mno, na kamwe haelezi kwa nini.

Filamu ya 2012 iliiba hadithi ya The Raid, ile filamu ya Indonesia?

Hapana. Zinafanana kwa kuwa zote ni za askari waliofungiwa ndani ya jengo la muhalifu, lakini Dredd ilianza kupigwa Novemba 2010, na The Raid ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza Septemba 2011.

Bastola na pikipiki?

Zote mbili ziko sawa kimsingi. Bastola ya jaji ina risasi za aina kadhaa na inamtambua mwenye nayo. Mwingine akiishika inamlipukia. Filamu ya 2012 imelitumia hilo vizuri sana: adui anamwelekezea Anderson bastola yake mwenyewe, na anaupoteza mkono.

Waliombuni wanasemaje?

Wagner hakuificha huzuni yake juu ya ile ya 1995: kwa maoni yake Stallone alifaa, lakini hadithi haikuwa ya Dredd. Ya 2012 alihusishwa tangu mswada, akatoa ushauri, na akaisifu. Ezquerra alifariki Oktoba 2018, akiwa amemchora Dredd kwa miongo mingi.

Mbona nzuri ndiyo iliyouza kidogo?

Ya 1995 ilikusanya kama dola milioni 113 duniani, ya 2012 kama milioni 41. Wengi walisikia jina, wakakumbuka ile ya zamani, wakabaki nyumbani. Wengine walizuiwa na umri. Uingereza ilipewa alama ya 18, na kwa haki kabisa, kwa hiyo usiiweke sebuleni watoto wakiwepo. Ilikuja kupendwa baadaye kwenye DVD, mashabiki wakapiga kampeni ya mwendelezo. Mwendelezo wa filamu haukuja, ila kuanzia 2014 hadithi za Dredd yule wa Urban ziliendelezwa kwenye vibonzo.

Dredd huwa hazeeki?

Anazeeka. Mwaka ukipita kwetu, unapita kwake. Ukijumlisha miaka 122 kwenye mwaka wa kuchapishwa unapata mwaka wa hadithi. Alianza mwaka 2099 akiwa kwenye miaka ya thelathini. Leo ni mzee aliyezika marafiki wengi. Filamu ya saa moja na nusu haiwezi kubeba hilo, wala siilaumu.

Mwisho wa yote, Dredd ni shujaa au adui?

Hapa ndipo penye ile hadithi niliyoiahidi. Kwenye vibonzo majibu yote mawili ni ya kweli kwa wakati mmoja, na wasomaji walilelewa hivyo wiki baada ya wiki. Wiki hii anaokoa jiji, wiki ijayo anamfunga mama mwenye njaa, na mchoro hauoni haya. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 Wagner na wenzake walileta wananchi wanaodai kura. Majaji waliwapiga, wakawachafua majina, wakawatawanya. Mwaka 1991 jiji liliitishiwa kura ya maoni, wengi hawakujitokeza, na waliojitokeza wakachagua majaji. Sijasoma jambo la kutisha kuliko hilo katika jarida lile.

Filamu za sinema zinakwepa. Zote mbili zinaweka majaji wabaya, Griffin na Rico kwenye ile ya kwanza, wala rushwa wanne kwenye ya pili, ili Dredd aonekane mwema akiwapiga. Yaani tatizo linakuwa ni majaji wachache waliooza. Vibonzo vinasema tofauti: jaji safi kuliko wote, asiyehongeka, ndiye anayepaswa kukunyima usingizi.

Ungepewa wewe filamu ya tatu, ungechukua hadithi gani?

*America* ya mwaka 1990, ya Wagner na mchoraji Colin MacNeil. Mhamiaji kutoka Puerto Rico anashuka Mega-City One akiwa na Kiingereza cha neno moja, jina la nchi aliyoiota. Binti yake anapozaliwa anampa jina hilo. America anakua, anaona majaji wanavyowafanyia watu, anajiunga na wanaotaka demokrasia, kisha na wenye mabomu. Anayetusimulia ni Bennett, rafiki yake wa utotoni aliyempenda maisha yote na asiyekuwa na ujasiri wake. Dredd anaonekana mara chache. Kila akija anakuja kama ukuta.

Filamu ya 1995 ilipiga mapambano yake ya mwisho ndani ya Sanamu ya Uhuru, kwa ngumi na kelele. America Jara anafia chini ya sanamu hiyo hiyo, usiku, majaji wakiwa wametangulia kufika na kuwasubiri. Ningeanza na baba yake akishuka, begi mkononi, akilitamka lile neno lake moja mbele ya mtu mwenye helmeti.